Bi harusi asiyefika madhabahuni

Juzi nilikuwa kwa fundi kompyuta mjini Morogoro, akaingia mama mmoja wa Bigwa amekumbatia kompyuta ya mezani kama mtoto mchanga. Ilikuwa imevikwa kitambaa cheupe cha kufuma.

"Shikamoo mama. Ina shida gani?"

"Marahaba. Video ya harusi ya binti yangu inakwama kila mara. Wageni wanamaliza chai wanaondoka, bi harusi bado yuko mlangoni mwa kanisa!"

"Ukiiwasha, kitambaa hiki unakitoa?"

Mama akashtuka. "Nikitoe? Wageni waione uchi?"

Fundi akakifunua, akaweka kiganja chake kwenye matundu ya pembeni. "Inapumulia hapa, mama. Ukiiziba inapata joto, ikipata joto inachoka, ndiyo video inakwama."

Akaiwasha. Bi harusi akatembea mpaka madhabahuni bila kusimama, na sisi wateja tukampigia vigelegele.

Nikakimbilia nyumbani kuivua kompyuta yetu. Mke wangu alinisikiliza kwa makini sana, akakubali kila neno, kisha akaivika tena.

"Jumapili tuna wageni," akasema.