Fundi Paea Hasemi Uongo

Mzee Paea alijifunza ufundi katika chumba cha redio cha meli ya mizigo. Sikio lake moja liliharibikia humo, ndiyo maana hupiga kelele hata akisalimia. Kwa miaka thelathini amewatengenezea runinga watu wa mtaa wetu hapa mjini Nuku'alofa, kisiwani kwetu. Mwezi ule mtaa mzima ulimwita tapeli, na chanzo kilikuwa runinga yetu.

Ilikuwa runinga ya chogo, nzito kama nguruwe wa harusi. Unatazama dakika ishirini, mara giza. Iache ipumzike, inawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Tuliibeba kwake mara tatu, na mara tatu alisema, "Kwangu imewaka toka asubuhi mpaka jioni. Haina ugonjwa." Ikirudi nyumbani, inajizima.

"Anatuchezea huyo," alisema shangazi Lupe kanisani, kwa sauti. Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba, na kwetu dada wa baba hapingwi. Yeye akiwa kitini, mama hukaa sakafuni. Nilirudi kutoka chuoni nikiichukia desturi hiyo, nikaimeza kama wengine.

Jumamosi moja kaka yangu Feleti alikuwa anacheza raga ng'ambo, huko Auckland, mechi yake ya kwanza kuonyeshwa. Mama hakuwa amemtia machoni miaka minne. Asubuhi alikwenda mwenyewe kumsihi Paea aje.

Paea aliingia amekunja uso. "Washeni. Siigusi. Leo nataka niione ikifa mbele ya macho yangu."

Feleti alitoka mbio uwanjani. Mama akapiga kigelegele. Dakika ya kumi na nane, giza.

"Haya, fundi wa meli!" shangazi akacheka. "Na hii nayo haina ugonjwa?"

Paea alizunguka nyuma ya runinga. Juu yake ilisimama picha ya baba, na chini ya picha ulitandikwa mkeka laini wa ukoo, ukining'inia nyuma mpaka mezani. Shangazi aliuweka siku tuliyomzika baba. Kila runinga ilipokwenda kwa fundi aliukunja mwenyewe, na iliporudi aliutandika mwenyewe.

"Nani kaifunika hii?"

Mama alitazama sakafu. Mimi, na shahada yangu, nilitazama sakafu.

"Nauliza, nani kaifunika! Mmenichafulia jina kwa sababu ya mkeka? Mashine hii inapumulia nyuma! Ikichemka inajizima isiungue. Ina akili kuliko ninyi nyote!"

"Chunga mdomo, Paea," alisema shangazi. "Hiyo ni heshima ya kaka yangu."

Niliinuka ili niung'oe mkeka ule. Mama akanishika shati. "Kaa, mwanangu. Si wa mkono wako." Nikakaa. Mpaka leo najichukia kwa kukaa kule.

"Heshima?" Paea alinguruma. "Basi njoo umshike kaka yako, Lupe, kama utavumilia."

Shangazi alikuja kwa kiburi, akaweka kiganja kwenye kioo cha picha, akakiondoa upesi. Akainama kutazama. Pembe ya picha ilikuwa imejikunja na shavu la baba limegeuka kahawia. Hata yeye, aliyekuwa akiiinua kila mara, hakuwa amegundua. Na sisi wengine, nani angethubutu kusogea hapo?

Aliikumbatia picha, akauvuta mkeka kwa mkono wake, kisha akatugeukia sisi. "Mmemwacha kaka yangu aokwe kama nguruwe, mmekaa tu! Hamna midomo?"

Hamna midomo! Nilitaka kuvunja kitu.

Mama alilipepea lile chogo kwa kipande cha boksi, jasho likimtoka. Runinga ilipokubali kuwaka, kipindi cha pili kilikuwa kimefika mbali, lakini Feleti alikuwepo, tope mpaka masikioni. Mama aligusa kioo kwa vidole, akabaki hapo hapo mpaka filimbi ya mwisho. Runinga haikuzima.

"Kaa ule, fundi," mama alimwambia Paea. Kulikuwa na majani ya magimbi na nyama ya kopo kwenye tui.

"Sili! Kesho Jumapili, Lupe. Ulinichafua kanisani kwa sauti. Utanisafisha kanisani, kwa sauti ile ile!" Akabamiza mlango.

Shangazi alikaa na picha mapajani, akilifuta lile shavu la kahawia kwa ncha ya kidole gumba.

"Ana makelele yule mzee," alisema. Baadaye sana akamwambia mama, bila kumtazama: "Kesho kanisani niwekee kiti cha mbele."