Wiki sita nje ya maji

Kwetu Bihambwe tulijua maji ya mvua na ya kisima. Ziwa nililiona mara ya kwanza niliposhushwa Kirotshe kusoma, katikati ya miaka ya sitini, na watoto wa kando ya ziwa wakanicheka kwa kuoga nimeshika jiwe. Mimi si mtu wa kuchekwa mara mbili. Nilijifunza kuogelea kwa hasira, na mwaka wa pili nikaingizwa katika kundi la wanafunzi sita walioshindana na shule nyingine kuvuka ghuba.

Niseme wazi: sikupenda maji, nilipenda kuitwa. Kabla ya hapo, bwenini hakuna aliyenisemesha ila kuniomba sabuni. Sasa, alasiri ikifika, kapiteni wetu, aliyelala bweni jingine, alipita dirishani akisema, "Kaka, twende." Kwa maneno hayo mawili ningekunywa ziwa zima.

Ndipo bega la kulia likaanza kuuma. Mwanzoni liliuma nikitoka majini tu, baadaye hata nikivaa shati. Nikanyamaza. Kwetu maumivu ya kazi hutibiwa kwa kazi: jembe likikuchosha leo, kesho unalima tena mpaka mwili uzoee. Basi nikaongeza mwendo. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na siku moja mkono ukakataa kupanda kupita sikio.

Muuguzi mzee wa hospitalini aliniamuru nimwonyeshe, pale pale mbele ya meza yake, jinsi ninavyoogelea. Akacheka kidogo.

"Unapiga maji sawa vile unalima, mutoto yangu. Mukono inapanda juu, inaanguka mbele ya kichwa. Bega peke yake njo inafanya kazi yote. Mugongo yako iko wapi?"

"Niko nayo, Papa."

"Basi geuza mwili muzima, na mukono iingie mbele ya bega, hapa. Lakini hapana leo. Wiki sita usiingie mu maji. Kisha utaanza na mwendo kidogo."

Nilimwomba ziwe tatu, akakataa. Akanipa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli nikifunge mtini: kiwiko kibane mbavu, nivute taratibu kwenda nje, asubuhi na jioni, na nikisikia maumivu niache.

Nilitii. Mti niliuchagua mwenyewe, ufukweni, hatua ishirini kutoka wenzangu walipokuwa wakivulia nguo. Nilichagua pale kusudi, nikitumaini mmoja atauliza ninafanya nini. Nafasi yangu alipewa mwingine, naye akaitwa dirishani kwake. Waliingia majini, wakatoka, wakapanda shuleni wakicheka, nami nikabaki kuvuta mpira. Upweke ule uliniuma kuliko bega.

Bega lilipona. Wiki ya saba niliogelea mpaka mwamba wa karibu, polepole, mwili ukigeuka, mkono ukiingia mbele ya bega, bila maumivu hata chembe. Nilitaka kulia kwa furaha. Kapiteni akapanda mwambani nyuma yangu, akajifuta uso, akanitazama.

"Kaka, ulirudia lini? Tulizani uko kwenu."

"Juzi," nikamjibu.