Kisanduku Kilichoonewa Huruma

Hazama Kuniko alitumia miaka ishirini na minane kupunguza uzito wa kitu kimoja. Kipimo chake cha kwanza cha hewa kilibebwa na wanaume wawili, tena kwa kunung'unika njia nzima. Cha sasa kilikuwa kisanduku cha kilo mbili na nusu, chenye mpini wa chuma alioupimia kiganja chake mwenyewe, maana wahandisi wenzake hawakuwahi kujiuliza nani atakibeba. Kilinusa haidrojeni, gesi ambayo hewani imo kiduchu, lakini mlima wa moto ukianza kuamka huitema kwa wingi.

Majira hayo ya baridi alimwachia kisanduku hicho Fusae, mjane mwenye nyumba ya wageni penye chemchemi ya maji moto, chini ya mlima mmoja wa moto. Kila asubuhi Fusae alikipandisha hadi kwenye ufa wa mlima, akasoma namba na kuziripoti kwa simu. Wiki ya tatu namba zikapanda. Ya nne zikapanda tena. Kamati ya usalama ikataka kufunga barabara, na barabara ikifungwa, riziki ya Fusae ndiyo basi.

Kuniko akapanda treni roho juu. Mlima aliuogopa, lakini kisanduku alikiogopa zaidi. Kama kilikuwa kinadanganya, miaka yote ile ilikuwa imekwenda na maji.

Alipofika kwa Fusae, akakikagua. Chini ya mpini, kando ya tundu la kuvutia hewa, vilibandikwa vifuko viwili vya joto, vile vya unga wa chuma ambavyo kila mtu huko hubandika mgongoni wakati wa theluji. Unga ule ukishika kutu hutoa joto, na haidrojeni kidogo.

"Nani kavibandika hivi?"

"Mimi, mhandisi," Fusae akasema, akimmiminia chai. "Mpini ulikuwa unanigandisha vidole. Nikasema, maskini, mimi nina koti, chenyewe je? Baridi ilipozidi nikakiongezea cha pili."

"Bi Fusae, nusura ujifungie nyumba mwenyewe."

Alipoeleweshwa, Fusae akacheka hadi machozi, kisha akakipapasa kisanduku. "Kwa hiyo hakikukosea."

"Hakikukosea."

Kesho yake walipanda pamoja bila vifuko, na namba zikashuka. Katika ripoti kwa kamati Kuniko hakumtaja Fusae. Aliandika kwamba kosa ni la mbunifu, aliyeupima mpini ndani ya chumba chenye joto.

Kisha akavua skafu yake ya sufu, akaikata, akauzungushia mpini. Uzito ukaongezeka gramu arobaini. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minane, hakujali.