Kinyozi na Ndevu za Baba Yake

Kinyozi jirani yangu ana mikono mikubwa kama ya mpasua kuni, lakini akikushika shavu unaweza kusinzia. Maji huyapima kwanza kwa kiwiko. Akishapaka povu huinama sikioni mwa mteja na kuuliza, "Nianze?" Usipojibu, haanzi. Wakorofi wa mtaani humnyamazia makusudi, naye husimama tu na wembe mkononi mpaka wacheke wenyewe: "Anza basi, mlokole, tutazeekea hapa!"

Alipobatizwa, baba yake alimkataa. Nilikuwepo, na kumbukumbu yangu haijaanza kuvuja. Mzee alilisukuma beseni, akasema, "Mkono uliobatizwa usiniguse uso." Wala hakutaka kunyolewa na kinyozi mwingine, na ndevu zikamfika kifuani. Kila Jumamosi mwanawe alikuja na maji ya moto, akauliza mlangoni, akafukuzwa, akayamwaga mtaroni.

Mzee alipofariki, kaka zake kinyozi walimfuata wenyewe. "Njoo umnyoe. Sasa hawezi kukukatalia."

Akaja na beseni lake. Akayapima maji kwa kiwiko, kana kwamba maiti huungua. Akapaka povu, akainama sikioni.

"Baba, nianze?"

Tulisimama pale mpaka povu likaanza kukauka.

"We bwana, anza! Watu wanasubiri nje," kaka mkubwa akafoka.

Kinyozi akachukua kitambaa, akalifuta povu lote taratibu, akaukunja wembe wake. Mzee tulimzika na ndevu zake.