Kalamu au Karamu

Usiku wa kuamkia siku yangu ya kwanza kazini sikulala kwa shaka moja: nisipoelewa ninachoambiwa, niulize, au nikiuliza watasema huyu wamemwajiri wa nini? Nawaandikia mnaomaliza chuo sasa. Najua mnajigeuza kitandani vivyo hivyo.

Asubuhi Fundi Mkuu alinituma peke yangu kituo cha kupokea samaki, kwenye mwalo mmoja wa Ilemela, wavuvi wanakoshushia samaki. Mzani wao ulizungumza na laptopu kupitia kadi ya ziada, kipande kinachochomekwa ubavuni kuongeza tundu la kuunganishia vifaa. Laptopu ilitumia Linux, mfumo huria, na tangu isasishwe mzani ulikuwa bubu. Nje akina mama walisimama na sato, barafu ikiyeyuka. Samaki asiyepimwa hapokelewi.

Niliandika lspci, amri inayoorodhesha kadi ambazo mfumo unaziona. Yetu ilikuwemo. Nilitaka kurukaruka: kadi ni nzima, kinachokosekana ni kiendeshi, programu inayoufundisha mfumo kuitumia. Nikakuta viwili, majina yakitofautiana herufi ya mwisho tu, R na L. Ukiwasha kisicho chake, mashine inaganda.

Nikampigia Fundi Mkuu, Mjita aliyeifunga kadi ile mwenyewe. Alikuwa garini na mafundi wengine, wakielekea Busisi, simu ikiwa kwenye spika.

“Shikamoo, Fundi. Kiendeshi kinaishia na herufi gani?”

“Marahaba. Ile ya kwenye karamu.”

Nikaganda mimi kabla ya mashine. Karamu ipi? Kalamu akiitamka yeye, L ikigeuka R, si ndiyo hiyo hiyo? Nikamwomba aniandikie ujumbe. Miwani alikuwa ameisahau karakana. Nikiuliza tena, nimemcheka mtu mzima lafudhi yake. Nikibahatisha, sato wa watu wanaoza. Dirishani mama mmoja alikuwa akigeuza samaki wake, wa chini kuja juu.

Nikaamua.

“Samahani, Fundi. Ni ya kuandikia, au ya kula pilau?”

Kisha nikasikia gari zima likicheka.

“Ya pilau, binti. Na wewe Msukuma, hebu itamke tusikie.”

“Kalamu,” nikasema, na wakacheka upya, mimi nikiwa wa kwanza.

Nikaandika modprobe, amri ya kuwasha kiendeshi, na jina lenye R. Nikabonyeza Enter. Sifuri ya mzani ikawaka kwenye kioo cha laptopu.

“Dada, vipi?” yule mama akauliza dirishani.

“Weka beseni, mama.”