Gari Lililopona Kila Likishuka Masasi

Baba yangu alikuwa dereva. Alipofariki alituachia gari dogo la mizigo na sheria moja: gari likikohoa asubuhi, safari ya siku hiyo imekufa. Mama aliishika sheria hiyo kuliko baba mwenyewe. Baba nilimwona mara nyingi akiondoka nalo likikohoa vizuri tu.

Kwa hiyo kipupwe kilipoingia Newala, na gari likaanza kuamka kwa kutetemeka, kukohoa na kuzimika, mama alivua viatu vyake vya safari akavirudisha chini ya kitanda. Nilitaka kulia. Safari yenyewe ilikuwa ya Lupaso, kwa dada yake, mama yangu mkubwa, ambaye macho yake yalikuwa yakifungwa na ukungu kidogo kidogo. Alikuwa amepiga simu akasema, "Mwambie mdogo wangu aje nikiwa bado naweza kumwona." Mama hawezi kupanda basi, mgongo wake unataka gari linalosimama pale anapotaka yeye. Gari lilikuwa ni hilo tu.

Nikalipeleka kwa fundi Masasi. Majirani walilisukuma likawaka, nikateremka nalo mlima, na kufika kwa fundi likawa linanguruma kwa adabu zote. Fundi, bwana mkubwa wa tumbo na maneno, akafungua boneti, akasikiliza, akabadilisha plagi, akasafisha chujio la hewa, akanirudishia ufunguo. Kesho yake asubuhi, Newala, kikohozi kilekile. Nikashuka tena. Akabadilisha betri. Likapona mbele yake, likaugua mbele yangu. Nilimwachia hata likalala kwake, na asubuhi likawaka kwa mguso mmoja.

"Mama Pacha," akaniambia, maana watoto wangu ni mapacha, "gari halina kitu. Nyie watu wa juu ndio mnalitia baridi."

Nilikasirika mpaka nikasahau kuaga. Lakini njiani, nilipofika juu nikapandisha kioo kwa sababu ya ubaridi, hasira ilinigeukia kuwa akili. Ni kweli tulikuwa tunalitia baridi! Tulikuwa tunampelekea daktari mgonjwa aliyekwisha kupata nafuu njiani, kisha tunashangaa haoni ugonjwa. Masasi kuna joto. Aliyetakiwa kusafiri ni fundi.

Nilipompigia simu alicheka sana. Kisha akauliza tutakula nini. Nikamtajia ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga, akakubali.

Alifika jioni na begi la spana na shati la mikono mifupi. Mama alimtazama vinyweleo vilivyomsimama mikononi, akaenda kumletea blanketi kabla hata salamu hazijaisha.

"Shikamoo, mama," alisema fundi akiwa ndani ya blanketi.

"Marahaba, mwanangu. Masasi hamna masweta?"

"Masasi tuna jua, mama."

"Basi ungekuja nalo," mama akamjibu, na kuanzia hapo wakawa marafiki.

Alfajiri ukungu ulikuwa umelala hadi kwenye mikorosho. Fundi akanifanyia ishara, nikawasha. Gari likatetemeka, likakohoa, na uso wa fundi ukachanua. Sijapata kumwona mtu akifurahia ugonjwa namna ile. "Haya! Haya! Nakusikia!" alipiga kelele. Akaniambia nikanyage mafuta lisizimike, akainamisha sikio, akataka maji.

Mama akatoka mlangoni. Maji yetu ni ya mvua, ya kwenye tangi, na kipupwe yanatumiwa kwa heshima. "Maji ya kuoshea gari hapa hakuna," alisema.

"Kikombe tu, mama. Nalinywesha dawa."

Akapewa kikombe, tena si kilichojaa. Akawa anadondosha maji polepole juu ya mipira ya injini, huu, halafu ule. Alipofika kwenye mpira mwembamba wa hewa uliojificha nyuma, mlio ukabadilika ghafla, kikohozi kikatulia. Akazima injini, akauchomoa, akanionyesha ufa mdogo kama kucha, ambao maji yalikuwa yameuziba kwa muda. Ukiwa wa baridi mpira unakakamaa, ufa unaachama na kunyonya hewa isiyotakiwa. Ukipata moto unalainika, ufa unajibana. Ndiyo maana Masasi ulikuwa unanyamaza.

Mpira mwingine hakuwa nao. Alizunguka uani mpaka akaliona bomba bovu la kupulizia dawa mikorosho, akaukagua mpira wake, akaukata kipimo, akauosha, akaufunga. "Huu utakufikisha. Mzuri nitakuwekea ukipita kwangu."

Nikamwita mama avae viatu. Fundi akatikisa kichwa. Injini ilikwisha kupata moto, na gari la moto hata bovu linawaka. Uhakika ni kesho, likiwa limelala baridi. Itabidi alale tena, akasema, na nilimwona akichungulia jikoni.

Asubuhi ile ya pili mama alikunywa chai na ming'oko iliyochemshwa, mizizi yetu ya porini, akamfungia na fundi mingine ya njiani. Fundi akapanda nyuma na blanketi lake. Mama akaketi kando yangu, kanga imefungwa vizuri, mikono magotini, macho mbele.  Nikazungusha ufunguo.

Tukakaa. Mama akasubiri, kisha akanigeukia kwa huzuni.

"Mbona huwashi?"

"Limewaka, Mama."

Akaweka kiganja juu ya dashibodi, akasikiliza kwa mkono. Halafu akaanza kucheka, na nyuma fundi akapiga bodi mara kadhaa kutuashiria twende.

Masasi tulimshusha fundi, akatuwekea mpira mzuri, tukaendelea. Lupaso mama mkubwa alikuwa kwenye mkeka, upande wa jua. Mama alipiga magoti, akamwamkia. Dada yake alinyoosha mikono. Alimshika mashavu, akamvuta karibu kabisa, akamgeuza uso huku na huku kwenye mwanga, na mimi nikashikilia mlango wa gari kwa woga kwamba tumechelewa.

"Umezeeka, wewe!" akasema mama mkubwa. "Umekuwa na makunyanzi mpaka puani!"

Mama yangu hajawahi kufurahia tusi kama lile.