Chupa Zisizo na Dawa

Verena Aebly alitumbukiza kidole ndani ya mgando wa maziwa, akakikunja, akakiinua taratibu. Mgando ulipaswa kupasuka kwa mstari mmoja safi, na maji ya kijani yajaze ufa. Ukamlegea kidoleni kama uji. Ilikuwa siku ya nne mfululizo.

"Leo tena," alisema Curtis Pohlman, aliyekuwa amesimama nyuma yake akitazama saa ya mkononi.

Curtis alikuwa meneja mpya. Ofisi kuu ya Milwaukee ilimleta majira ya kuchipua aje kukiharakisha kiwanda hiki kidogo cha jibini, kilichoko mahali ambapo ng'ombe ni wengi kuliko wapiga kura. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja na donati kila Jumatano na alijua majina ya watoto wa kila mtu. Ila aliamini kwamba kila kitu duniani kinachelewa.

Akamwambia Verena kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma, kwamba miaka thelathini na moja mbele ya beseni moja la kugandishia maziwa ni mingi, mkono unachoka, wala si aibu. Jumatatu, si hii ijayo bali ile ya baada yake, atahamia chumba cha kufungashia, akae kwenye kiti, afunge mifuko ya jibini. Beseni atalishika Duane Krebs, msaidizi wake.

Verena alijifuta kidole kwenye aproni. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, aliyejifunza kukata mgando kwa baba yake kabla hajajifunza kuendesha gari. Mumewe, Leland, alipofariki, alirudi kazini siku ya tatu, kwa sababu maziwa hayajui msiba.

"Mkono wangu ni uleule," alisema. "Kilichobadilika ni saa yako."

Alimkumbusha. Tangu enzi za baba yake, maziwa yakishapashwa moto hutiwa chachu, kisha huachwa saa nzima yapate uchachu kidogo. Ndipo hutiwa dawa ya kugandisha, ile inayotoka tumboni mwa ndama. Curtis alikuwa ameikata saa hiyo ikabaki dakika kumi na tano, ili mifuko iwahi lori. Dawa ilikuwa ikitiwa kwenye maziwa ambayo bado ni matamu.

"Dawa ni dawa, Verena. Ukiitia, inagandisha."

"Haigandishi popote tu."

"Basi nionyeshe namba. Kidole siwezi kukipeleka Milwaukee."

Alitaka kumjibu vibaya. Badala yake akasema, "Utaziona."

Wakati wa mapumziko Duane alimletea kahawa, akasimama kando yake kama mtu aliyevunja dirisha la jirani. Akasema kwamba yeye hakuomba beseni.

"Lakini hukulikataa," Verena alimjibu, akachukua kahawa.

Ijumaa, ukumbini, mji mzima ulipokusanyika kama kila wiki kula samaki wa kukaanga, alimtafuta Ardis Nygaard. Ardis alifundisha biolojia sekondari na alikuwa na sauti iliyozoea kusikika hadi dawati la nyuma. Verena alimweleza yote huku samaki wao wakipoa. Ardis alisema dawa ile ni kimeng'enya: si kitu hai, lakini kinafanya kazi, na kinachagua mahali pa kufanyia. Kwenye uchachu kinaoupenda kinakimbia, nje ya hapo kinaburura miguu. Kesho yake alimwazima kipima asidi cha shule, kinene kidogo kuliko kalamu, na kumwonya juu ya jambo moja tu: namba ikishuka, uchachu umepanda.

Jumapili baada ya kanisa Verena alipanga chupa tano za jamu juu ya meza ya jikoni. Kilichoruhusiwa kutofautiana ni uchachu, basi. Maziwa yalitoka kwenye ndoo moja. Zote zilikaa ndani ya sufuria moja pana ya maji, kipimajoto kikisoma digrii themanini na nane za Fahrenheit, joto la beseni. Kila chupa ingepata matone matatu ya dawa. Ya kwanza aliiacha kama ilivyotoka kwa ng'ombe, sita nukta saba. Zilizofuata alizidondoshea siki, moja zaidi ya nyingine: sita nukta tano, sita nukta tatu, sita nukta moja. Ya tano aliimiminia tu, kwa hasira, mpaka kipima kikashuka chini ya tano.

Alitia dawa, akakaa na saa ya Leland mkononi, akiinamisha chupa moja moja na kutazama lini chembe za kwanza zitashika kwenye kioo. Ya tano iliganda kabla hajakaa sawa. Ya nne dakika sita. Ya tatu tisa. Ya pili kumi na tatu. Ya kwanza, ile yenye maziwa matamu kama ya Curtis, ilimkalisha dakika kumi na tisa.

Alicheka peke yake jikoni. Akampigia Ardis simu, akamsomea. Ardis alimsikiliza hadi mwisho.

"Verena, chupa zisizo na dawa zilifanyaje?"

"Chupa gani zisizo na dawa?"

"Utajuaje kwamba ni dawa iliyogandisha? Siki peke yake inaweza kukata maziwa. Huyo meneja wako akikuuliza hivyo, utasema nini?"

Verena alizitazama dakika alizoandika kwenye karatasi. Katika nyumba ya baba yake, kuyaacha maziwa ya moto bila dawa lilikuwa kosa la kuchapiwa; ni chakula cha nguruwe hicho. Katika umri wake wote wa miaka hamsini na sita hakuwahi kupasha maziwa asiyatie dawa. Wazo lenyewe halikumjia, kama lisivyomjia mtu wazo la kuwasha gari ili lisiende popote.

Iliuma. Lakini alisukuma kiti, akaosha chupa, akatoa nyingine tano kabatini, akaanza upya. Safari hii kila chupa ilikuwa na pacha wake: maziwa yaleyale, siki ileile, dawa hakuna. Kuwaacha wale pacha bila dawa kulimwia vigumu kuliko jambo lolote la wiki ile.

Pacha wa tano aliganda. Ardis alisema kweli; ilikuwa siki. Verena akaikata chupa ya tano kwenye karatasi kwa mstari mmoja wa wino, ingawa ndiyo iliyomchekesha zaidi. Pacha wanne waliobaki walikaa maziwa hadi jioni. Wenye dawa walirudia dakika zao karibu vilevile. Kwa kuwa alishakosea mara moja, alirudia mara ya tatu.

Jumatatu Curtis aliisoma karatasi akiwa amesimama.

"Hizi ni chupa za jamu," alisema.

"Na lile pale ni beseni. Twende."

Chachu ilitiwa. Dakika ya kumi na tano Curtis aliinua saa. "Tia dawa."

Verena alichovya kipima. "Sita nukta saba. Bado."

"Verena. Nenda chumba cha kufungashia. Sasa hivi, usingoje wiki ijayo."

Redio ilikuwa ikipiga muziki wa dansi wa polka. Verena alishika chupa ya dawa kifuani kwa mikono miwili, akapanua miguu kidogo ndani ya buti zake nyeupe. Curtis akamtazama Duane. Duane akajitafutia bomba la kuosha upande wa mbali wa chumba.

Walisimama hivyo hadi saa ikatimia na kipima kikasoma sita nukta tano. Verena alitia dawa, akakoroga, akaweka kibakuli chepesi kielee juu ya maziwa na kukizungusha kwa kidole. Kibakuli kinazunguka maadamu maziwa ni maziwa. Alikizungusha tena na tena. Dakika ya kumi na tatu kikagoma.

Muda wa kukata ulipowadia, alimpisha Curtis. "Kidole chako," alisema. "Changu kimechoka."

Curtis alitumbukiza, akainua. Mgando ukapasuka kwa mstari mmoja, na maji ya kijani yakajaa ufa. Alikaa akiutazama. Kisha alinawa mikono, akaichukua ile karatasi na kutoka.

Alhamisi zamu za wiki mpya zilibandikwa ukutani. Mbele ya neno chachu paliandikwa: saa nzima. Duane aliwekwa msaidizi. Mbele ya neno beseni paliachwa nafasi, tupu.

Verena alichukua kalamu ya wino usiofutika, ile ya kuandikia ndoo, akajaza jina lake lote. Curtis alipita na donati zilizobaki tangu jana, akasoma, akamnyooshea boksi.

Alichagua yenye jamu.